Aliyechora mmemkamata, aliyepiga risasi je? Barua ya wazi kwa wenye mamlaka

Kwa Waziri wa Usalama wa Ndani, Inspekta Jenerali wa Polisi, Mheshimiwa Gavana wa Nairobi, na nyinyi waheshimiwa wa Bunge mnaokaa kwa zile kamati za usalama na mawasiliano,

Salamu zenu. Hii barua ningeileta kwa mkono lakini kwa geti huwa naulizwa nimetumwa na nani, na mimi sijatumwa na mtu, kwa hivyo naiweka hapa kila mtu aisome, na nyinyi najua mtaisoma tu ju vijana wenu wa mitandao hawalali.

Mimi ni mchoraji. Nachora kuta huku Eastlands, na siku hizi nachora pia kwa tableti ju kopo la sprei limepanda bei mpaka unafikiria mara mbili kabla ya kupiga mstari. Sina chama, na hakuna mfadhili wa kizungu ananingoja mahali na bahasha, hiyo hadithi yenu tumeizoea. Naandika ju ya kitu kimoja. Kila mara mtu akitumia picha ama kompyuta kuonyesha kwamba fulani ameonewa, nyinyi mnashughulika na aliyeonyesha. Yule aliyeonewa mnamruka, na yule aliyeonea ndio hata hatajwi.

Acha nianze nyuma kidogo ju wengine wenu mlikuwa serikalini hizo siku. Desemba 30, 2007 nchi ikiwaka moto baada ya uchaguzi, Waziri wa Usalama wa Ndani wakati huo, marehemu John Michuki, alipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. (Ni yeye huyo huyo, akiwa Uchukuzi 2004, aliyeleta ule mstari wa manjano kwa matatu, michoro yote ikafutwa, na leo angalieni nganya, zile matatu zenye michoro, za Umoja na Rongai mniambie nani alishinda.) TV na redio zikanyamaza, kumbe watu hawajanyamaza. Januari 2008 Ory Okolloh, Juliana Rotich, David Kobia na Erik Hersman wakatengeneza Ushahidi, tovuti ambayo mtu wa kawaida alikuwa anatuma SMS ama ripoti, huku nyumba zimechomwa, huku barabara imefungwa, na hiyo ripoti inawekwa kwa ramani kila mtu aone. Haikuwa na maajabu, ni ramani na simu ya kadi. Lakini watu zaidi ya 1,100 walikufa kwa ile vita na bila hizo nukta kwa ramani pengine saa hii tungekuwa tunabishana kama ilitokea. Baadaye hiyo programu ya vijana wa Kenya ndio ilitumika Haiti kwa tetemeko la 2010.

Wakati huo huo Kibera kulikuwa na jamaa anaitwa Solomon Muyundo, watu wanamjua kama Solo7, alikuwa anazunguka na brashi na rangi anaandika maneno ya amani kwa mabati, kwa mageti, kwa kuta za vibanda, kila mahali. Hakuna mtu alimtuma pia. Halafu Boniface Mwangi, ambaye alikuwa amepiga zile picha za vita akiwa mwanahabari, akazichukua na wenzake wakaziweka barabarani, wakaita Picha Mtaani, wakazunguka nazo mji baada ya mji, mtu anatoka sokoni na sukuma wiki yake anasimama mbele ya picha ya kile majirani walifanyiana. Serikali ilikuwa na ripoti, tume, majaji, makaratasi chungu nzima, lakini mama wa sokoni hakuwa na wakati wa kusoma ripoti ya tume. Picha alisimama akaiona.

Na Kibera hiyo hiyo, kwenye ramani za umma ilikuwa pengo tu, maelfu na maelfu ya watu na ramani haina hata choo kimoja. Mwaka wa 2009 vijana wa pale wakapewa vifaa vya GPS wakatembea vichochoro vyote wakaweka visima, vyoo, zahanati, makanisa, shule. Ndio Map Kibera hiyo. Mwaka huo huo yule Mfaransa JR alikuja akatandika picha za macho na nyuso za wamama wa Kibera kwa mapaa, kama mita mraba 2,000 hivi, na nusu ya juu ya nyuso zingine akabandika kwa mabehewa ya treni, nusu ya chini iko kwa mabati ya mteremko, treni ikipita uso unakamilika kwa sekunde chache. Ju ya wageni wanaokuja na kwenda nina maneno yangu, nayaweka siku nyingine, lakini zile picha zilikuwa za vinyl, ile plastiki isiyopitisha maji, kwa hivyo mama alibaki na paa lisilovuja. Mimi huwa napima sanaa ya kupigania haki hivyo: baada ya wapiga picha kwenda nyumbani, ni nini kimebaki kwa mwenye uso?

Naenda mbele haraka. Grafiti za tumbusi aliyevaa suti, yaani mwanasiasa, katikati ya jiji 2012, nguruwe wazima walioletwa nje ya Bunge Mei 2013 wakati waheshimiwa walitaka kujiongezea mshahara, hizo mnazikumbuka, mlikasirika. Sawa. Kukasirishwa na mchoro sio kosa, hata mimi kuna michoro ya wenzangu hunikera.

Sasa 2024. Ule Mswada wa Fedha wa kuongeza kodi ulikuja kama kawaida, kwa Kiingereza cha mawakili, kurasa kwa kurasa, kwa PDF. Katiba kifungu cha 118 kinasema Bunge lihusishe umma, mkahusisha umma na faili ambayo shosho yangu hawezi kufungua na akiifungua hawezi kuielewa. Vijana ndio walifanya kazi yenu. Wakautafsiri kwa Kiswahili, kwa Kikuyu, kwa Kijaluo, kwa Kikalenjin, wakarekodi video za dakika mbili, mwingine akatengeneza programu ya akili unde, hii tunaita AI, unaiuliza swali kuhusu mswada inakujibu, wengine wakachora katuni na mabango ambayo yangewekwa kwa makumbusho kama tungekuwa na nchi ya kujali. Hakuna siku bajeti ya Kenya imewahi kuongelewa kwa saluni na kwa boda hivyo. Mlipaswa kushangilia jamani!

Juni 25, siku vijana waliandamana mpaka ndani ya Bunge na polisi wakafyatua risasi, tunajua ilivyoisha. Tume ya haki za binadamu, KNCHR, ilihesabu waliokufa 39 na waliojeruhiwa 361 kufikia Julai 1, na hiyo idadi ikazidi kupanda baadaye. Mswada ukaondolewa kesho yake, Juni 26, lakini waliopigwa risasi hawakuondolewa risasi.

Hapa ndio nataka tukae kidogo, ju hapa ndio picha na kompyuta zilifanya kazi ambayo nyinyi mna mishahara ya kuifanya. Wapelelezi wa BBC walichukua picha na video zaidi ya 5,000, nyingi za watu wa kawaida waliokuwa pale na simu zao, wakazichambua kutafuta nani alifyatua risasi pale Bunge. Wale hawajui njia hii inavyofanya kazi, ni kama hivi. Unachukua video moja ya kelele na kuchafuka, unatafuta kitu ndani yake ambacho kiko pia kwa matangazo ya moja kwa moja ya TV, mlio, moshi, mtu anaanguka, ukishapata hiyo unajua video yako ilikuwa saa ngapi, dakika na sekunde. Halafu unaangalia kivuli kinaangukia wapi, jengo gani liko nyuma, unajua kamera ilisimama wapi. Halafu ya pili, ya tatu, mpaka una watu kumi waliokuwa wanaangalia kitu kimoja kutoka pande kumi. Aliyefunika uso anatambulika kwa kiatu, kwa skafu, kwa vile ameshika bunduki. Ni kazi ya macho na uvumilivu, mchoraji yeyote anaielewa, ju sisi tumefunzwa kuangalia.

Filamu yao ya huo uchunguzi ilivyotoka Aprili 2025 mlifanya nini? Onyesho la hadharani Nairobi likasimamishwa, na Mei 2 watengeneza filamu wanne wakakamatwa wakichukuliwa kamera na kompyuta, eti walihusika kuitengeneza, na BBC yenyewe ikasema hawakuhusika. Yaani mmeonyeshwa mahali mtu alisimama akafyatua, na mlango mliogonga ni wa mwenye kamera.

Na si kwamba nyinyi hamna kamera. Mfumo wa usalama uliojengwa baada ya 2014 uliweka kamera kama 1,800 Nairobi na Mombasa, kwa mabilioni ya pesa zetu, zinaona gari la mtu likipita taa nyekundu. Lakini Juni 2025, mwalimu aliyekamatwa Homa Bay kwa sababu ya posti ya X akaletwa Nairobi usiku, akafia ndani ya kituo cha polisi cha Central, IPOA, ile mamlaka huru ya kuchunguza polisi, ikaenda kutafuta picha za kamera za kituo ikakuta mfumo umechezewa, diski zimefomatiwa. Kwanza tuliambiwa alijigonga kichwa kwa ukuta wa seli, baadaye mpasuaji wa serikali yenyewe akasema majeraha hayakuonyesha hivyo. Bila daktari na bila kelele za mtandaoni ule ukuta wa seli ndio ungebaki mshtakiwa. Kwa hivyo mkituuliza mbona vijana wanarekodi kila kitu, mbona kila mtu ametoa simu, jibu ndilo hilo, kamera za serikali zinapata usingizi siku zile zile ambazo zinahitajika.

Desemba 2024 nayo. Msanii wa zile katuni za vivuli vyeusi za kuwakejeli viongozi, Kibet Bull, alichukuliwa Desemba 24 na hakuonekana mpaka Januari 6. Na hakuwa peke yake, KNCHR ilikuwa imehesabu visa 82 vya watu kutekwa tangu Juni, 29 hawajulikani walipo mpaka hiyo wiki ya Krismasi. Polisi mkasema sio nyinyi. Wiki hiyo hiyo ya Krismasi Rais akiwa Homa Bay akaahidi mambo hayo yatakoma. Sasa mimi sikusoma sana lakini hii imenishinda, kama hamjui nani anafanya, mlijuaje kwamba ataacha?

Najua mtataja zile picha za viongozi kwa jeneza zilizosambaa mtandaoni hizo siku. Wacha niseme ukweli wangu: mimi sikuzipenda. Picha ya akili unde ya kiongozi kwa jeneza ni rahisi sana, mtu ameandika sentensi moja kwa mashine akalala, hakuna fikra pale, na kwetu kumchorea mtu aliye hai kifo sio mchezo, nyanya yangu angenipiga na mwiko. Kivuli cha Kibet kina akili, unakiangalia unacheka halafu unafikiria. Lakini picha mbaya inajibiwa kwa kuisema ni mbaya, kama vile nimeisema hapa. Kama kuna sheria imevunjwa kuna korti, mchana, na wakili. Katiba kifungu cha 33 kimetaja uhuru wa ubunifu wa sanaa kwa jina, walioandika walijua siku kama hizi zitafika. Na kama kweli tatizo lenu ni picha za uongo, mbona wale wanaotengenezea wanaharakati wasichana picha za aibu mtandaoni hatujaskia wakitafutwa na gari lisilo na namba?

Halafu Rose Njeri. Huyu hakuchora hata. Alitengeneza tovuti ya kukusaidia kutuma barua pepe kwa karani wa Bunge ukikataa vipengele vya Mswada wa Fedha wa 2025. Barua pepe! Ile anwani iliyotangazwa na Bunge lenyewe mtume maoni. Akakamatwa Ijumaa Mei 30, akalala ndani wikendi yote ya Madaraka mpaka Jumanne, akashtakiwa chini ya sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta ya 2018, ati ameingilia mfumo. Juni 20 hakimu akatupa hayo mashtaka, hakuona kosa kwa karatasi. Sasa sheria hiyo hiyo mkaiongezea meno Oktoba 2025, na ndani ya wiki moja Mahakama Kuu ikawa imesimamisha baadhi ya vipengele. Waheshimiwa, mnaandika sheria ambazo zinaishi siku saba na bado mnatuambia sisi ndio hatufuati utaratibu.

Kwa Gavana, yako ni fupi lakini ndio inaniuma zaidi. Kuna ukuta tulichora na wenzangu, majina ya vijana wa mtaa na kando ya kila jina kitu alichokuwa anapenda, mpira, baiskeli, mwingine chapati. Sitasema ni wapi na sitasema nani walikuja usiku, lakini asubuhi ulikuwa umepakwa nyeupe. Waliopaka walitumia chokaa ya bei rahisi, mvua ya wiki mbili ikapiga, sprei ikaanza kutokea upya, chapati ndio ilitangulia. Sasa tembea hiyo barabara yote, kuta zimejaa sabuni, simu, unga, rangi za makampuni kutoka msingi mpaka paa, hizo sio uchafu wa jiji ju zimelipiwa. Tulipoulizia kibali cha ukuta wetu tukaambiwa tulipie kama tangazo. Tangazo la nini? Tunauza nini?

Mtauliza sasa tunataka nini, ju huwa mnasema tunalalamika bila suluhisho. Cha kwanza kabisa ni mahali pa kupokea picha. IPOA iwe na tovuti ambayo mtu anapakia video yake halisi, anapewa risiti yenye ile alama ya kidijitali inayoonyesha faili haijaguswa tangu siku hiyo, na asitaje jina kama anaogopa. Huku mtaani tunafundishana wenyewe: usitume video kwa WhatsApp kama picha ya kawaida ju inabanwa na tarehe na mahali vinapotea, itume kama dokumenti, weka ile ya kwanza, usiikate. Lakini Sheria ya Ushahidi kifungu cha 106B kinataka cheti kwa ushahidi wa kielektroniki, na boda wa Githurai aliyerekodi mauaji hajui cheti kinaandikwaje. Mwekeeni mtu wa kumsaidia bure. Na rudisheni simu, kamera na laptopu mlizochukua kwa watu ambao hawana kesi, ju laptopu ya mchoraji ikikaa stoo mwaka mzima huyo hana kazi mwaka mzima, hiyo ni hukumu bila hakimu.

Miswada nayo itoke kwa Kiswahili siku ile ile inatoka kwa Kiingereza, na iwe faili ya maandishi, sio karatasi iliyopigwa picha imepinda. Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi, kifungu cha 7, sijatunga mimi. Tafsiri ya vijana ya 2024 ilifanywa usiku bila malipo, nyinyi mna idara nzima.

Na orodha ya waliokufa. Jina, umri, mahali, tarehe, kesi imefika wapi. Mashirika yanahesabu, tume inahesabu, familia zinahesabu, na serikali nayo itoe orodha yake kamili tuikague. Mkiitoa tutaichora sisi, hatutawalipisha.

Ule ukuta tunaurudia mwezi huu, mwenye nyumba amekubali na ametuandikia barua, rangi tumechangishana. Kwa hivyo kama kuna mmoja wenu ataamua kujibu aanze na la Gavana ju ni rahisi: tuambieni majina ya wafu yanatozwa ada ya tangazo gani, kwa mita mraba. Hilo linaweza kujibiwa wiki hii. Lile la Juni 25 najua mtasema uchunguzi unaendelea, lakini kila stoo ya silaha ina kitabu, askari anaandikisha amechukua bunduki gani na risasi ngapi na amerudisha ngapi. Tunaomba kurasa za siku hiyo.

Wenu,
Mchoraji wa Eastlands